Kopo la Jumamosi

Sufuria za msiba hazina mwenyewe. Wakati wa kupika kila mtu anataka kushika mwiko, na wakati wa kula wanatokea hata ndugu tuliodhani wamehama nchi. Lakini wali ukiisha na wageni wakishaaga, sufuria zinabaki uani na ukoko wake, na kila mmoja ghafla anakumbuka simu ya kupiga. Ndivyo ilivyokuwa mwezi uliopita kule Kwai, siku tulipoanua tanga la Mamkubwa Luisa, dada yake mama yangu. Wajukuu wake, vijana wazima wenye ndevu na wengine wenye kucha za rangi, walikuwa wamejipanga ukutani wakiota jua. Mmoja alisema yeye alibeba viti. Mwingine alisema yeye alichota maji tangu juzi. Wa tatu alijikunja tu kwenye simu yake kama hakuzaliwa na mikono. Estere, mtoto wa kwanza wa marehemu, alisimama mlangoni mwa jiko akiwatazama, na mimi nilidhani atapiga kelele, maana mimi ningepiga. Hakupiga. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kopo la majani ya chai lililopauka, mfuniko wake umeliwa na kutu. Akaniwekea mapajani.

"Yudi," akasema, "msomaji ni wewe."

Nililishika kopo lile kwa mikono miwili. Nimestaafu ualimu, nimezika wazazi wote wawili, sikudhani kopo linaweza kunifanya nitokwe machozi mbele ya vijana wasionijua vizuri. Lakini ndani ya kopo lile ulikuwamo mwaka mmoja wa utoto wangu, na ni mwaka huo tu ninaotaka kuueleza hapa. Kwa nini nilitolewa Tanga nikiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, nikapandishwa milimani na sanduku la bati na sweta ya kuazima, hiyo ni habari nyingine, na wahusika wake walishasameheana.

Nilifika Kwai mwezi wa Juni, wakati ukungu unaingia nyumbani bila kupiga hodi. Nyumba ya Mamkubwa ilikuwa na sebule moja yenye benchi, meza, kalenda ya usharika na saa ya ukutani iliyochelewa siku zote kwa muda ule ule, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kuirekebisha. Jiko lilikuwa nje, la udongo, na juu ya mafiga kulikuwa na dari ya fito ilikokaushwa mahindi. Kila kitu kilinuka moshi na maziwa: mablanketi, daftari, nywele zetu. Walikuwa watano humo ndani. Baba Mkubwa Zakaria, mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyeongea sana, alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa. Mamkubwa Luisa alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye macho yasiyotulia. Halafu Estere, ambaye tayari alikuwa mwanamwali. Hosea, aliyenizidi miaka miwili na aliyekuwa na pumu. Na Naomi, kitinda mimba, msemaji kuliko wote. Mimi nikawa wa sita, na hakuna aliyeniambia kwamba nimezidi.

Nilikotoka kazi za nyumbani ziligawanywa kwa kelele. Mama aliita jina lako mara tatu, mara ya nne akaja na mwiko. Pale Kwai sikusikia kelele, na siku mbili za kwanza zilinitisha. Watoto waliamka, huyu akachukua ndoo, yule akachukua panga la kuni, yule akaingia zizini, bila mtu kusema neno. Nilimuuliza Naomi nani amewatuma. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mpagani.

"Mungu," akasema.

Jumamosi nikaona kwa macho yangu. Baada ya chai ya saa kumi, ambayo ilikuwa na viazi vya kuchemsha na maziwa mgando, Baba Mkubwa alisoma Neno, tukaimba, tukaomba. Kisha Mamkubwa alipanda juu ya kigoda akashusha kopo kutoka juu ya kabati. Ndani mlikuwa na karatasi tano ngumu, zilizokatwa kwenye kasha, kila moja imekunjwa mara mbili. Juu yake Baba Mkubwa alikuwa ameandika kwa penseli ya seremala, herufi kubwa: MAJI, KUNI, ZIZI, VYOMBO. Ya tano iliandikwa PUMZIKA. Kupika na kukamua havikuwamo, hizo zilikuwa na wenyewe. Kila mmoja alichovya mkono akatoa karatasi, wazazi nao wakiwemo, na sharti lilikuwa moja: karatasi haifunguliwi na aliyeitoa. Unampa Mamkubwa ikiwa imekunjwa. Yeye alikuwa akiifungua, akaisogeza karibu na uso, midomo ikamcheza kidogo, kisha akatangaza: "Estere, Maji." "Hosea, Pumzika." Halafu aliikunja tena akaiweka kwenye mapaja, ndani ya khanga. Ya mwisho iliyobaki koponi ilikuwa yake, na hiyo hakuifungua kabisa. Kazi iliyokuwa haijatajwa aliichukua yeye. Hakuna aliyebisha. Utabishana vipi na kura? Hata mitume, Baba Mkubwa alisema, walipiga kura.

Nilichoka kushangaa wiki zile za kwanza. Maana kura ya nyumba ile ilikuwa na akili. Wiki Estere alipokuwa na maumivu ya tumbo, yale ambayo wasichana hawakuyataja mbele ya kaka zao, Pumzika ilimwangukia Estere. Naomi alipoota jipu unyayoni, Pumzika ikamwangukia Naomi. Hosea akianza kukoroma kifua, ama alipata Pumzika ama Vyombo, kazi ya kukaa karibu na moto. Na wiki Hosea na Naomi walipopigana kwa sababu ya tunda damu moja, mmoja alipata Maji na mwingine Kuni, na njia ya kijitoni na ya msituni ni moja mpaka kwenye mkaratusi mkubwa. Siku ya tatu niliwasikia wakirudi wanaimba. Mungu wa Tanga nilimjua kuwa yuko juu na ana shughuli nyingi. Huyu wa Kwai alijua jipu la Naomi. Usiku nikifunika blanketi kichwani nilimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja.

Hata Baba Mkubwa kura ilimkuta. Wiki moja alipata Maji. Mwanamume wa kule milimani, tena mzee wa kanisa, na ndoo kichwani! Alishuka nayo kijitoni asubuhi na mapema, akapanda nayo, na majirani waliokuwa wakienda kwenye kabichi zao walisimama njiani kufurahi.

"Mgosi!" mmoja alipaza sauti, akimwita mzee kwa Kisambaa. "Kulikoni, mkeo kasafiri?"

"Yupo."

"Mgonjwa?"

"Mzima kabisa. Kura imeniangukia."

Walicheka mpaka wakashika magoti. Baba Mkubwa alicheka nao, ndoo haikumwagika, akapita. Mimi nilikuwa nyuma yake na kuni zangu, nikajiona natembea nyuma ya mfalme.

Lakini nimeruka jambo. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi Jumamosi mbili niliketi benchini nikitazama wenzangu wakichovya mikono, na hakuna aliyenitazama. Jumamosi ya tatu Baba Mkubwa alitoa kisu mfukoni, akakata kipande kipya cha kasha, akaandika TAA. Kufuta chemni na kujaza mafuta ilikuwa kazi yake siku zote, wala haikuwa kazi ya kusumbua. Aliitoa kwake akaitia koponi ili hesabu itoshe watu sita. "Sasa tumetimia," akasema. Ungeniona. Nilichovya mkono kana kwamba napokea kipaimara.

Kuanzia hapo nikachoka na wenzangu. Nilipata Zizi, nikajifunza kuzoa samadi na beleshi linalonizidi kimo. Nilipata Maji, Kuni, Vyombo, Maji tena, Taa mara chache. Mwezi wa saba ukapita, wa nane, wa tisa. Baridi ikapungua, plamu za Lushoto zikaanza kutoa maua. Kila mtu nyumbani mle alipata Pumzika mara nyingi, isipokuwa Mamkubwa na mimi. Mamkubwa sikumhesabu, akina mama niliwajua hawapumziki popote. Nilijihesabu mimi. Nilianza kufikiri kwamba kura yenye akili namna ile haiwezi kukosea kwangu peke yangu. Kama Mungu alikuwa analiona jipu la Naomi, mbona vidole vyangu vilivyopasuka kwa baridi ya kijitoni havioni? Jibu lilikuwa moja, na nililijua kabla sijajiuliza: mimi si wa pale. Nyumbani kwetu nilikuwa nimepunguzwa, na hapa nilikuwa nimeazimwa. Niliomba kila siku karatasi moja tu. Sikutaka kupumzika kwenyewe, nilitaka kuitwa jina langu na neno lile baada yake.

Katikati ya miezi hiyo ilikuja barua ya mama yangu. Mamkubwa alikuwa uani akianika maharage. Aliigeuzageuza bahasha, akanipa. "Nisomee, mwanangu, moshi umeniingia machoni." Nilisoma. Ilikuwa salamu tu na habari za sabuni kuadimika mjini. Nilipomaliza ndipo nikaona kwamba pale uani hapakuwa na moto wowote. Niliona, nikapita, kama mtoto anavyopita kwenye mambo makubwa.

Jumamosi iliyoharibu kila kitu ilikuwa ya mvua za vuli. Hosea alikuwa amekoroma kifua wiki nzima. Alichovya wa kwanza, Mamkubwa akafungua, akasogeza usoni, akatangaza, "Hosea, Pumzika." Nami niliyekuwa wa pili nikachovya. Karatasi yangu ilikuwa imechakaa kwa kukunjwa, pembe yake ikajifunua yenyewe mkononi, na pale pembeni niliona herufi mbili: P na U. Nilisoma vizuri, darasani nilikuwa wa kwanza. Katika kopo lile kulikuwa na neno moja tu linaloanza hivyo. Sikufikiri habari ya Hosea hata kidogo. Nikampa Mamkubwa karatasi, nikasubiri jina langu. Akafungua. Midomo ikamcheza.

"Yudi, Zizi."

"Hapana, Mamkubwa."

Nadhani sauti ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesimama.

"Imeandikwa Pumzika. Nimeiona. Umesoma ya uongo, tena baada ya maombi!"

Saa ya ukutani ndiyo peke yake iliyoendelea na kazi. Estere alifunika mdomo. Mamkubwa alitazama ile karatasi, kisha akaitazama mikono yake, na uso wake, uliokuwa na joto siku zote, ukawa wa mtu aliyefumaniwa akiiba sokoni. Baba Mkubwa alinyoosha mkono. Alivaa miwani yake, ambayo sikuwahi kumwona akiivaa saa ya kopo, akasoma karatasi yangu, akachukua na ya Hosea kutoka kwenye khanga ya mkewe, akaisoma nayo.

"Mtoto amesema kweli," akasema taratibu. "Ya kwake ni Pumzika. Ya Hosea ni Zizi." Akavua miwani. "Basi. Kura ni kura."

Nimepata vitu kadhaa katika maisha yangu nilivyovitamani sana, na hakuna kilichokuwa na uchungu kama wiki ile ya mapumziko. Hakuna aliyenisema. Naomi, ambaye hakuwahi kunyamaza, alinyamaza. Nilikaa benchini miguu imening'inia, nikasikia ndoo zikigonga mlango, nikasikia Hosea zizini akikohoa, ananyamaza, anakohoa. Kila niliposogea kusaidia, aliniambia bila hasira, "Kaa. Wewe una kura yako." Viazi vilikuwa vile vile lakini havikumezeka.

Jumanne mchana nilikuwa nimejibanza nyuma ya jiko, kwenye rundo la kuni, mahali pa kulilia. Udongo wa ukuta ule ulikuwa na nyufa. Nilimsikia Mamkubwa.

"Umeniaibisha, baba Estere. Mbele ya watoto."

"Niliulizwa mbele ya Mungu, mama. Ningesemaje? Miaka yote hukuniuliza, nami sikusema."

Kuni zikalia motoni.

"Kumbe ulijua."

"Karatasi naandika mimi. Shuleni hukwenda. Ningekosa kujua?"

"Basi ulijua kwamba ni mimi ninayekutuma kijitoni."

"Nilijua."

"Na watu wakakucheka."

"Wakanicheka."

"Na maji ukachota."

"Nikachota," akasema Baba Mkubwa. "Si ulikuwa umechoka?"

Sikulia tena. Nilibaki nimeketi juu ya kuni, mdomo wazi, nikijua kwamba nimesikia jambo ambalo ni kubwa kuliko mimi. Wakubwa niliowajua walisema wanapendana au hawapendani, na vyote viwili walivisema kwa sauti. Hawa walikuwa wamepitishiana upendo wao ndani ya kopo la majani ya chai, wamekunja mara mbili, na hata wenyewe kwa wenyewe hawakuambiana. Mpaka leo, nikiingia kanisani na kusikia neno ndoa likihubiriwa, nasikia ndoo ikiwekwa chini.

Jumatano niliingia zizini, nikashika beleshi la Hosea. Hakuliachia. Tulivutana, yeye akihema kama mvukuto, mimi nikilia, ng'ombe wametugeuzia macho. Ndipo Mamkubwa alipoingia. Alimtuma Hosea jikoni akakae karibu na moto, na alimtuma kwa sauti ambayo haikuhitaji kura. Kisha akakunja khanga, akachukua jembe la meno, akaanza kuvuta samadi upande wake. Mimi nikazoa upande wangu. Tulifanya kazi muda mrefu.

"Shule sikwenda," akasema, bila kunitazama. "Nyimbo zote ninazoimba nilizishika kwa masikio."

Nilitaka kusema samahani. Kilichotoka ni kile kilichokuwa kinanikera. "Lakini Mamkubwa, si ni kudanganya? Ulisema ni kura ya Mungu."

Alisimama akaegemea mpini. Hakukasirika, alifikiri kabisa, kana kwamba nimeuliza mtu mzima.

"Kura naipiga tangu Jumatatu," akasema. "Nawaangalia. Nani anakohoa, nani kanuna, nani anajificha kazi, nani anajificha machozi. Nikilala namuuliza Mungu: huyu nimfanyeje? Mpaka Ijumaa nimeshajua. Jumamosi ni kutangaza tu."

"Sasa kopo la nini?"

"Nikisema mimi, mtasema Mama anampendelea Hosea. Hosea mwenyewe atakataa, atasema yeye ni mwanamume. Baba yako mkubwa nitamwambiaje achote maji, mimi mkewe? Kopo halina mtoto, wala halina mume. Mnalisikia."

Nilizoa beleshi mbili, tatu. Swali lililobaki nilikuwa nimelibeba kwa miezi.

"Mbona mimi hukunipumzisha hata mara moja?"

Aliacha jembe. Alinijia akanishika mashavu kwa mikono yake yenye samadi, na sikujali.

"Wewe ulikuja hapa umepumzishwa tayari, mwanangu. Hakuna aliyekuhitaji kwa lolote, nililiona hilo siku uliposhuka na sanduku lako. Mgeni ndiye anayeambiwa keti, pumzika. Mimi nilitaka uchoke na sisi. Mtu mwenye kazi yake mahali, hapo ni kwake." Halafu akaniachia, akanitazama, akacheka. "Tazama nilivyokuchafua."

Nimeyageuza maneno yale kwa miaka mingi kuliko nilivyoyageuza mahubiri. Nilikuwa nimemwomba Mungu anipe neno moja ili nijue kwamba nimo, na kumbe kila Jumamosi alikuwa ananijibu: Maji, Zizi, Kuni. Nilikuwa nimehesabiwa kuliko wote, na mimi nikadhani nimesahauliwa. Siwezi kueleza jinsi zizi lile lilivyobadilika machoni pangu. Mvua ilikuwa inapiga bati, ng'ombe wanacheua, mvuke unapanda kwenye samadi, na nilisimama pale na beleshi langu nikaona nimesimama mahali patakatifu.

Jumamosi Neno lilisomwa, tukaimba, tukaomba. Mamkubwa akashusha kopo, akakaa nalo kidogo. Kisha akalisukuma mezani mpaka mbele yangu.

"Asome Yudi," akasema. "Macho yangu yana moshi."

Nilimtazama Baba Mkubwa. Alikuwa anatazama dari. Hosea alichovya wa kwanza, nikaifungua karatasi yake: MAJI. Kijitoni ni bonde lenye mwinuko, na kifua chake bado kilikuwa kinapiga filimbi. Nilisogeza karatasi karibu na uso. Midomo ikanicheza, wala si kwa kuigiza. Nilikuwa natafuta pa kulipeleka lile neno.

"Hosea, Taa."

Nikasoma nyingine na nyingine, na hapo ndipo nilipojua kazi aliyokuwa akiifanya Mamkubwa, kuziweka sita zote kichwani huku uso umetulia, huyu usimpe hiki kwa sababu kile umeshampa yule. Baba Mkubwa nikampa Vyombo. Maji nikajipa mwenyewe. Ilipobaki moja koponi, Mamkubwa aliinuka aende zake jikoni kama kawaida, kuifanya kazi ambayo haijatajwa. Nikaitoa, nikaifungua. Ilikuwa VYOMBO.

"Mamkubwa Luisa," nikasoma kwa sauti, "Pumzika."

Aligeuka. Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma mpaka nikastaafu, nimeona nyuso nyingi zikiangaza siku herufi zinapogeuka kuwa neno, lakini uso kama ule sijauona tena. Baba Mkubwa alikohoa, akaondoka haraka kwenda kuangalia ng'ombe ambao alikuwa amewaangalia muda si mrefu uliopita. Na Mamkubwa, naomba nisiseme uongo hapa, hakuweza kupumzika. Jumatatu aliketi kwenye kigoda mlangoni, mikono mapajani, akamwita Estere. "Hebu niambie, hivi kupumzika kunafanywaje?" Kufikia Jumanne alikuwa ananibembeleza mimi nimwoneshe ni mchoro upi unaosema maji na upi unaosema kuni. Nikamwonesha, kwa kijiti, kwenye majivu. Mpaka mwezi wa Desemba, waliponijia kunirudisha Tanga, alikuwa anayajua maneno yote sita na jina lake.

Niliwahi kumuuliza mchungaji mmoja, msomi, kama mambo yale yalikuwa uongo. Alifikiri sana, akasema chai inapoa.

Hayo yote yalinipitia nikiwa nimekaa uani na kopo mapajani, siku ile ya kuanua tanga. Baba Mkubwa alitangulia zamani. Tulikuwa tumebaki sisi wanne, Estere, Hosea, Naomi na mimi, na vijana wale ukutani. Nikamuuliza Estere kama mama yake, baada ya kujua kusoma, alianza kusoma kilichoandikwa.

"Thubutu!" Estere akasema. "Alikuwa anaisoma vizuri kabisa, halafu anatangaza lake. Alisema sasa ndiyo rahisi, anajua anachokikataa."

Alipokwisha kucheka aliita vijana. Akawaeleza sharti, kwamba karatasi haifunguliwi na aliyeitoa, anapewa shangazi Yudi. Walisogea kwa dharau ya umri wao, lakini walisogea. Hata yule wa simu aliitia mfukoni. Mle koponi karatasi zilikuwa nyingi kuliko zamani, nyingine za mwandiko wa Baba Mkubwa, nyingine za herufi kubwa zilizopinda, nikaufahamu mkono wa Mamkubwa. Hosea ndiye aliyechovya wa kwanza, kwa mazoea. Ana mvi tupu, kifua hakijamwacha, na siku tatu zile alikuwa amesimama kaburini, amesimama mlangoni, amesimama kila mahali mtoto wa kiume anapotakiwa asimame. Alinipa karatasi yake. Niliishika, nikaisogeza karibu na uso.

"Hosea," nikasema, "Pumzika."

Vijana waliguna. Hosea alinitazama muda, macho yamemjaa, akatafuta kiti, akaketi taratibu.

"Hongera, mwalimu," akasema. "Miwani iko kichwani, na karatasi hujaikunjua."